Kuku Anapoatamia, Mtoto Alale Wapi?



Mvua za vuli zikianza, tetea huanza kutafuta mahali pa kutaga. Katika kaya nyingi za Kisesa mahali hapo huwa ndani ya nyumba: chini ya kitanda, nyuma ya mtungi wa maji au katika kona ya jiko. Mama humwacha atage hapo, naye ana sababu. Nje kuna mwizi, kuna kicheche, kuna kenge anayekula mayai. Kuku ni daftari za shule, ni kitoweo cha mgeni, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Nani atakubali kumlaza nje?

Lakini katika chumba hicho hicho yupo mtoto wa miezi minane anayejifunza kutambaa. Kila anachookota hukipeleka kinywani. Kinyesi cha kuku, hata cha kuku anayeonekana mzima, huweza kuwa na vijidudu kama salmonela na kampilobakta. Vijidudu hivi huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mtoto anayehara mara kwa mara hukosa hamu ya kula, na chakula anachokula hakimfaidii. Taratibu anadumaa.

Je, basi tuache kufuga? La hasha. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini nchini Ethiopia. Watafiti waliona kwamba watoto wa kaya zenye kuku walielekea kuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao. Lakini katika kaya zilizolaza kuku ndani ya nyumba ya watu, watoto walielekea kuwa wafupi zaidi. Kwa hiyo kuku ni baraka kwa mtoto, ila asilale naye chumba kimoja.

BANDA LA KUKU

Banda si lazima liwe la gharama. Simamisha nguzo imara, uinue sakafu ya fito kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Kinyesi kitaanguka chini, na kicheche atapata shida kupanda. Kandika kuta kwa udongo, ukiacha nafasi ya hewa juu, na uizibe kwa wavu au fito zilizobanana. Ezeka kwa nyasi au bati. Mita moja ya mraba hutosha kuku wakubwa watano au sita kwa kulala.

Kwa sababu ya wezi, jenga banda karibu na dirisha la chumba unacholala, na mlango wake utiwe kufuli.

Viota viwe ndani ya banda, mahali penye giza kidogo. Kiota cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha tetea mmoja. Weka nyasi kavu, na chini yake nyunyiza majivu ili kupunguza utitiri na viroboto. Tetea anayesumbuliwa na utitiri huacha mayai yake.

Mayai ya kuatamiwa yasikae zaidi ya siku 7 hadi 10. Yahifadhi mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Mpe tetea mayai 10 hadi 13, kulingana na ukubwa wake. Baada ya siku 7 yamulike usiku kwa tochi: yasiyo na mishipa ya damu ndani yaondoe. Vifaranga hutoka siku ya 21. Wafunike mchana kwa tenga pamoja na mama yao, mwewe asiwapate, na uwape pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa au mchwa.

BATA BUKINI

Baadhi ya familia hufuga pia bata bukini. Ndege huyu ni mlinzi hodari. Akiona mgeni usiku hupiga kelele hadi nyumba nzima iamke. Anayeogopa wezi wa kuku anaweza kumweka bukini karibu na banda.

Lakini asilale ndani ya banda la kuku. Yeye hulala chini, hulowesha matandiko, na dume lake huwapiga kuku. Tena, bata na bukini wanaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili kubwa. Mjengee kibanda chake cha chini, chenye matandiko makavu, mita moja ya mraba kwa kila ndege. Dume mmoja hutosha majike wawili hadi wanne. Jike huatamia kwa siku 28 hadi 31, na wakati huo dume huwa mkali sana. Huweza kumwangusha mtoto mdogo na kumpiga kwa mabawa. Weka uzio wa fito au miiba, na watoto waonywe wasikaribie.

Hapa tunapenda kuwakumbusha wazazi jambo jingine. Wengine hudhani bukini hawezi kuzaa bila ziwa au lambo, hivyo humtuma mtoto awapeleke ndege majini. Mtoto huyo akiingia katika maji hayo huweza kurudi na kichocho, ugonjwa ulioenea sana katika mwambao wa Ziwa Viktoria na katika malambo yetu. Bukini hahitaji ziwa. Karai kubwa la maji safi, ambamo anaweza kuzamisha kichwa chake chote, linamtosha. Maji yabadilishwe kila siku.

KIDERI NA MAFUA YA NDEGE

Kideri huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Hakina dawa, bali kina chanjo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza huko Kibaha chanjo inayostahimili joto, inayofaa vijiji visivyo na majokofu. Ni tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mchanje tetea kabla hajaanza kutaga, maana kinga yake hupita katika yai na kumlinda kifaranga siku za mwanzo. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, kaya za jumuiya moja zinaweza kuchanga na kuchanja siku moja. Mwoneni afisa mifugo wa kata.

Mwezi Januari 2017, nchini Uganda, mafua makali ya ndege yaligunduliwa kwa ndege pori wa ghuba ya Lutembe, katika ziwa letu hili hili, na pia kwa bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwazuia bukini wasichanganyike na ndege wa ziwani. Ukiona ndege wengi wanakufa ghafla, toa taarifa upesi. Usiwachinje wala kuwala. Wafukie shimoni, na watoto wasiwaguse.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Fagia kinyesi uani kila asubuhi kabla mtoto hajatoka. Kitupe katika shimo la mboji, kioze vizuri kabla ya kukitumia kwenye bustani ya mboga.

2. Mtambazishe mtoto juu ya mkeka safi, si juu ya udongo wanapopita kuku.

3. Tundika kibuyu chirizi na sabuni karibu na banda. Kila anayeshika kuku, mayai au chanjo anawe mikono.

4. Mayai yapikwe mpaka kiini kiwe kigumu. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuendelea apewe yai. Familia isiuze mayai yote.

5. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi yaliyotengenezwa kwa pakiti ya ORS na uendelee kumnyonyesha. Akihara damu, akitapika kila kitu, au macho yakididimia, mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa.

Akina baba, kazi ya kujenga banda ni yenu. Fito, udongo na nyasi vipo, na kazi yenyewe ni ya siku chache tu. Anzeni kabla mvua hazijakolea, ili tetea atakapotafuta kiota akikute tayari, na kona ya chumba ibaki kwa mtoto.