Mtihani wa kusikiliza: wapima sikio au jicho?

Alasiri ya tarehe 8 Juni, kwa kawaida, sehemu kubwa ya Uchina hutulia kwa muda wa dakika ishirini hivi. Karibu na shule zilizoteuliwa kuwa vituo vya mtihani, madereva hukatazwa kupiga honi, mitambo ya ujenzi huzimwa, na polisi wa trafiki husimama kwenye makutano ya barabara kuhakikisha kwamba amri hiyo inatiiwa. Ndani ya madarasa, vijana wa shule za upili huinamia karatasi zao wakisubiri sauti ya Kiingereza itoke kwenye vipaza sauti. Hiyo ndiyo sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa kuingilia vyuo vikuu uitwao gaokao, ambao mwaka 2024 ulisajili watahiniwa milioni 13.42.

Hekaheka yote hiyo ni kwa ajili ya alama 30 katika karatasi yenye alama 150. Kwa muundo unaotumiwa na mikoa mingi, mtahiniwa huulizwa maswali 20 ya kusikiliza, kila moja likiwa na alama moja na nusu. Mazungumzo mafupi matano ya mwanzo husikika mara moja tu; yale marefu yafuatayo husikika mara mbili. Kisha huja ufahamu wa kusoma, kujaza mapengo na uandishi, yote hayo ndani ya dakika 120. Asiyejua uzito wa gaokao aweza kuzicheka honi zinazonyamazishwa kwa sababu ya alama 30. Lakini mahali ambapo alama moja huweza kumtenga kijana na chuo alichokiotea ndoto tangu utotoni, alama 30 si haba. Mtihani huo ulisimamishwa mwaka 1966 wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ukarejeshwa Desemba 1977. Watu wapatao milioni 5.7 waliufanya na takriban 270,000 tu ndio waliopata nafasi. Nafasi zimeongezeka mno tangu hapo, ila mng'ang'anio wa kuingia katika vyuo vya juu haujapungua.

Swali ambalo ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walitafakari ni hili: alama hizo 30 zinapima nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba zinapima uwezo wa kusikiliza Kiingereza. Jibu hilo nina shaka nalo, na shaka yangu haiwahusu Wachina peke yao.

Tuanze na sikio lenyewe. Silabi ya Kimandarini, lugha rasmi ya Uchina, haipendi konsonanti mwishoni. Huruhusu sauti za n na ng, na r katika maneno machache, basi. Wala haikubali konsonanti kurundikana mwanzoni mwa silabi kama zifanyavyo katika Kiingereza. Kiswahili nacho hakiko mbali na hapo, na ndiyo maana sisi na Wachina tumelivamia neno moja la kigeni kila mmoja kwa silaha yake. Sisi tuliongeza irabu mwishoni tukasema chokoleti. Wao waliitupa t wakasema qiaokeli. Tabia hiyo ya kuitupa sauti ya mwisho haikomi katika ulimi, bali huingia hadi sikioni. Mwanafunzi aliyezoea lugha isiyo na t wala d mwishoni mwa silabi atapata taabu kutofautisha 'can' na 'can't', au kitendo kinachofanyika na kilichokwisha kufanyika, maadamu Kiingereza hukiweka kipande hicho chenye maana nzito mwishoni kabisa mwa neno, mahali ambapo msemaji wa kasi hukimeza. Fauka ya hayo, kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa sababu ya wakati. Kwa hivyo mwanafunzi anatakiwa asikie sauti ambayo lugha yake haina, na akiisha kuisikia aipe maana ambayo vitenzi vyake havikumzoesha kuitafuta.

Mfano mwingine utamfurahisha kila Mswahili. Mchina akitamka neno 'ta' huwezi kujua kama anamzungumzia mwanamume au mwanamke, sawa na sisi tusemapo 'yeye'. Tofauti ni kwamba katika maandishi Wachina wana herufi mbili mbalimbali za 'ta' hiyo, moja ya kiume na nyingine ya kike, na hiyo ya kike ilienea katika karne ya 20 tu. Basi jicho la Mchina hutofautisha kile ambacho sikio lake halitofautishi. Si ajabu akimsikia mwanamke akizungumziwa kwa Kiingereza halafu akachagua jibu la mwanamume, ingawa kisa chenyewe amekielewa.

Hata hivyo, tusiwatie 'wasemaji wa Kichina' wote katika kapu moja. Kikantoni cha Hong Kong kina silabi zinazoishia kwa p, t na k. Kijana wa Hong Kong na kijana wa Beijing wanaweza kusoma gazeti moja la Kichina wakaelewana, lakini wanapoketi kusikiliza Kiingereza masikio yao yametoka shule mbili tofauti. Mtahini anayetunga mtihani mmoja kwa wote hao, kisha akalinganisha alama zao kama kwamba tofauti hiyo haipo, anajidanganya.

Sasa tuliangalie jicho. Upo mfano mmoja ambao takriban kila kijana wa Kichina aliyepitia shule ya upili anaujua kwa moyo, kwa kuwa umekuwa ukichapishwa mwanzoni mwa sehemu ya kusikiliza mwaka baada ya mwaka: shati linauzwa kwa bei gani? Majibu matatu yaliyopo ni pauni 19 na peni 15, pauni 9 na peni 18, au pauni 9 na peni 15. Jibu ni hilo la mwisho. Shati hilo limekuwa mzaha wa kitaifa. Bei yake haipandi hata mambo yote yakipanda. Lakini ukiuchunguza mfano huo utaona kwamba ni wa haki kabisa. Majibu yake ni tarakimu, na tarakimu husomwa papo hapo na kila mtu. Aliyesikia sawasawa atapata, aliyesikia vibaya atakosa.

Ondoka kwenye mfano uende kwenye mtihani wenyewe. Huko swali limeandikwa kwa Kiingereza, na majibu matatu nayo aghalabu ni maneno au sentensi za Kiingereza. Mwanafunzi hupewa sekunde chache azisome kabla sauti haijaanza. Anayesoma upesi huingia katika mazungumzo akijua anachokitafuta: ni mahali, ni saa, ni sababu ya mtu kuchelewa. Anayesoma polepole angali katika jibu la pili wakati sauti inapoanza, na sikio lake zuri halimfai kitu. Huyo wa pili akianguka tutasema hajui kusikiliza. Sivyo. Kilichomwangusha ni kusoma, na kusoma kumekwisha kutengewa sehemu yake katika karatasi iyo hiyo. Ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Kinyume chake pia ni kweli: mjanja aliyesoma majibu vizuri aweza kusikia neno moja tu, akakisia, na kati ya majibu matatu kubahatisha si kazi.

Wapo walioliona tatizo hili wakajaribu kulitatua. Taiwan ilianzisha mwaka 2011 mtihani wa kusikiliza Kiingereza kwa shule za upili, unaojitegemea, ambao sehemu yake ya kwanza hutumia picha: mtahiniwa anasikia maelezo na kuchagua picha inayolingana nayo. Hapo jicho halihitaji kujua Kiingereza. Matokeo yake nayo hutolewa kwa madaraja ya A, B, C na F, si kwa alama zinazogombaniwa moja moja. Beijing nayo ilitenga mtihani wa kusikiliza na kuzungumza, na tangu 2021 una alama 50. Mwanafunzi huufanya mbele ya kompyuta akiwa na vipokea sauti masikioni. Huruhusiwa kuufanya mara mbili, na matokeo bora ndiyo yanayohesabiwa. Kikohozi cha jirani hakiwezi tena kuharibu maisha ya mtu. Hong Kong, kwa miaka mingi, ilirusha mtihani wake kwa redio ya umma, kila mtahiniwa akifika na redio yake ndogo. Utaratibu rahisi ambao nitaurejea.

Wachina wenyewe, wanapokuwa watahini wa lugha yao, wanalijua jambo hili vizuri mno. Mtihani wao wa Kichina kwa wageni, HSK, ambao Wakenya wengi wameufanya tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofunguliwa Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ulipangwa upya mwaka 2010 katika viwango sita. Katika viwango viwili vya mwanzo maandishi ya Kichina yaliandamana na matamshi yake kwa herufi za Kirumi, na maswali ya kusikiliza yakatumia picha. Maana yake mtahini alikubali kwamba mgeni aweza kulijua neno kwa sikio kabla hajaijua sura yake. Kwa nini hisani hiyo asifanyiwe kijana wa kijijini Uchina anayesikilizishwa Kiingereza?

Kuhusu kusoma, maneno yangu ni machache. Ufahamu wa gaokao umeshambuliwa kwa sababu wanafunzi hufundishwa kuanza na maswali, kisha kuwinda maneno yake katika kifungu, bila kukisoma kifungu chote. Watunzi wamejibu kwa maswali ambayo maneno yake hayamo katika kifungu, na kwa zoezi ambalo binafsi nalihusudu: mwanafunzi husoma kisa kilichokatizwa, kisha hukiendeleza kwa aya mbili zake mwenyewe. Hapo hakuna cha kuwinda. Asiyekielewa kisa atajifichua katika sentensi yake ya kwanza.

Lakini zoezi zuri halitoshi ikiwa anayesahihisha haaminiki. Mwezi Novemba 2018, katika mkoa wa Zhejiang, mtihani wa Kiingereza ulionekana kuwa mgumu kupita ule uliotangulia. Wakubwa wa elimu wakaamua, baada ya mtihani kufanywa, kuongeza alama katika sehemu ya maswali ya ufahamu na katika ile ya uandishi. Nia yao yaonekana ilikuwa kusawazisha. Matokeo yake ni kwamba walionufaika na wasionufaika hawakujua wamepimwa kwa mizani gani. Wazazi walipiga kelele, serikali ya mkoa ikaunda kikosi cha uchunguzi, na mwanzoni mwa Desemba uamuzi ule ukafutwa na alama za asili zikarejeshwa. Nasema hivi bila kusita: mtihani mgumu ulio wazi ni afadhali kuliko mtihani uliotiwa huruma gizani.

Je, basi sehemu ya kusikiliza ifutwe kwa kuwa imechanganyika na kusoma? La hasha. Iliingia katika mtihani wa kitaifa wa Uchina mwishoni mwa miaka ya 1990, na ikipata alama, mwalimu hana budi kuipa nafasi darasani. Hakuna mwalimu asiyejua kwamba mtihani ndio silabasi halisi. Kulikuwa pia na mikoa ambako alama za kusikiliza hazikujumuishwa katika jumla, na si vigumu kuona kwa nini. Shule ya mjini ina maabara ya lugha. Shule ya mlimani ina kipaza sauti kimoja kinachokwaruza. Ila dawa ya kipaza sauti kinachokwaruza ni kukinunua kingine. Ukiiondoa sehemu hiyo, mtoto wa mlimani hutampa usawa. Utakuwa umempa mwalimu wake ruhusa ya kutomfunza kusikiliza.

Na hapa ndipo sisi tunapoguswa. Katika mtihani wetu wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na nusu yake, alama 30, ni za stadi za kusema na kusikiliza. Mtahiniwa wetu huzipata bila kusikia sauti hata moja. Huulizwa aandike neno linalotamkwa sawa na jingine, aonyeshe silabi yenye mkazo, ajaze mazungumzo ya simu yaliyoachwa mapengo. Mchina amechanganya sikio na jicho. Sisi sikio hatukuliita kabisa. Katika Kiswahili hali ni iyo hiyo: ufahamu wetu ni wa kusoma, nayo isimujamii huandikwa.

Nitaambiwa kwamba vifaa ni ghali. Ndiyo sababu nikaitaja Hong Kong na redio zake. Vipindi vya redio vya shule si jambo geni katika nchi hii. Kizuizi ninachokiona ni kingine, nacho hakijapata kuwasumbua polisi wa trafiki wa Uchina. KCSE hufanywa Oktoba na Novemba, majira ya vuli, na mvua ikinyesha juu ya paa la mabati hata mwalimu aliye mbele ya darasa hasikiki. Karatasi ya kusikiliza ingebidi itengwe na nyingine, kama ilivyotengwa Beijing, ifanywe Julai wakati wa kipupwe, na mtahiniwa apewe nafasi ya pili kabla ya Septemba.