Chakula Chenye Ladha kwa Tumbo Nyeti

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, kila tunapokula pamoja hapa Ipuli, wapo wenzetu wanaosogeza sahani pembeni. Si kwamba wameshiba. Wanaogopa tumbo kujaa gesi, kusokota au kuharisha. Wengine nyumbani hula ugali kwa chumvi tu, na mwili hudhoofika.

Chanzo kimojawapo ni aina fulani za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na gesi hutokea. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walilipa kundi hilo jina la FODMAP. Kwetu Tabora zimo kwa wingi katika vitunguu maji, vitunguu saumu, maharage, kunde, maziwa, na hata asali na maembe tunayojivunia. Wali, ugali wa mahindi, samaki, kuku, mayai, karoti na sukuma wiki kwa kawaida havisumbui.

Je, mchuzi bila kitunguu utakuwa na ladha? Ndiyo. Sukari ya kitunguu huyeyuka katika maji, lakini haiyeyuki katika mafuta. Harufu yake huingia katika mafuta.

Mchuzi wa kuku
1. Kata kitunguu kimoja vipande vinne. Kaanga katika vijiko 3 vya mafuta hadi vianze kuwa vya kahawia.
2. Toa vipande vyote kabla ya kutia kitu chochote chenye maji.
3. Tia tangawizi iliyopondwa na binzari manjano, kisha kuku, karoti, nyanya moja, chumvi na maji.
4. Kuku akiiva, tia majani mabichi ya kitunguu na ndimu.

Maharage yasifutwe katika familia, kwani ndiyo nguvu ya wengi wasiomudu nyama. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, kisha pika. Mwenye tumbo nyeti ale kidogo.

Mpango huu ni wa wiki 2 hadi 6 tu. Baada ya hapo rudisha chakula kimoja kimoja ili kutambua kinachosumbua. Mwenye kuona damu chooni, homa au kupungua uzito asijitibu kwa chakula. Aende hospitali kupimwa.

Tunaziomba kamati zitenge sufuria moja ndogo ya namna hii katika kila mlo wa pamoja. Gharama yake ni ndogo, na mwenzetu atakula nasi.