Taya Lililopigwa Mionzi Halisahau

Mtu wa Utemini, hapa Singida, akiambiwa ana saratani ya mdomo, safari yake huenda ikaishia Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwake. Huko hupigwa mionzi kidogo kidogo kwa wiki sita au saba, mpaka jumla ifike grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 au 70. Uvimbe ukiisha, hurudi nyumbani. Miaka inapita, meno yanapukutika, naye anakwenda kuulizia jino la kupandikiza. Daktari akishamaliza kukagua mdomo, swali linalonihangaisha mimi ni kama mgonjwa atakumbuka kutaja ile mionzi.

Simaanishi eksirei. Picha ndogo ya jino ni mionzi haba, kama ile ya siku moja au mbili tunayoipata kutoka ardhini na angani.

Jino la kupandikiza husimama juu ya parafujo ya titani. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Ila anayefanya kazi ni mfupa. Ukishatobolewa, damu huganda, mishipa midogo huchipua, seli za ujenzi hufuata na kuweka mfupa mpya, kazi ya miezi mitatu hadi sita.

Mionzi ya tiba huharibu njia hiyo ya ugavi. Kuta za mishipa hunenepa, damu hupita kwa shida, seli hupungua. Mwaka 1983 Robert Marx, mpasuaji wa Marekani, aliuita mfupa wa namna hiyo wenye oksijeni haba, seli chache na mishipa michache. Taya la chini huumia zaidi, maana hutegemea sana mshipa mmoja mkuu, wakati la juu hulishwa kutoka pande nyingi. Ukilitoboa, kidonda huweza kukataa kufunga, mfupa ukafa na kuchomoza kwenye fizi. Hatari hupanda dozi ikipita grei 50, na miaka haiifuti.

Hata hivyo vipandikizi vingi hushika, ingawa vinavyofeli ni vingi kuliko kwenye taya lisilopigwa mionzi. Sigara huongeza balaa. Chemba ya oksijeni ilitegemewa sana kuulinda mfupa huo, lakini jaribio la HOPON la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, halikuona faida yake.

Daktari atataka kujua dozi ilikuwa kiasi gani na ilielekezwa wapi. Karatasi ya hospitali inayo majibu, hata ikiwa ya miaka kumi iliyopita. Kwa ambaye bado hajaanza tiba, meno mabovu yang'olewe wiki mbili au tatu kabla, hapahapa Singida, kabla hajakata tiketi ya basi.