Kimota: Lugha ya Kisiwa Kimoja, Vitabu vya Visiwa Vingi

Mota ni kisiwa kidogo cha kundi la Banks, kaskazini ya Vanuatu, katika Bahari ya Pasifiki. Lugha yake ni ya jamii ya Kiaustronesia, na kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa Kimalagasi. Wasemaji wake leo hawatimii elfu moja. Hata hivyo, kwa muda wa miaka sitini hivi, hiyo ndiyo lugha waliyosomeshwa vijana wa visiwa vingi vya Melanesia, hata vile vya Solomon.

Misheni ya Kianglikana ya Melanesia, chini ya Askofu John Coleridge Patteson, iliwakusanya wanafunzi katika shule moja, kwanza Auckland, na tangu 1867 katika kisiwa cha Norfolk. Lugha zao zilikuwa nyingi mno. Kuyafasiri Maandiko katika kila moja hakukuwezekana. Kikachaguliwa Kimota.

Maendelezo ya maneno yalitaka fikira. Kimota kina sauti ya ng' kama katika ng'ombe, nayo ilipigwa chapa kwa n ya mlazo: jambo jepesi kwa mtambo, zito kwa mkono, maana mwandiko wenyewe huelekea kulala. N yenye mstari juu yake yafaa zaidi. G ilipewa sauti iliyo karibu na gh ya ghali, na q ikachukua k, p na w zitamkwazo kwa pamoja. Robert Codrington, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, alizichambua lugha hizo katika The Melanesian Languages (1885), kisha akatoa kamusi ya Kimota pamoja na John Palmer mwaka 1896.

Kwa mtoto wa Mota hati hiyo ilikuwa msaada mkubwa. Kijana wa Solomon alikuwa na kazi mbili, kujifunza lugha na kujifunza herufi. Ushindani wa Kimvita na Kiunguja haulingani na hayo, kwani Mmvita na Muunguja walisikilizana tangu hapo. Lakini wako waliokifanya Kimota chao: George Sarawia, mzaliwa wa Vanua Lava, aliyefanywa kasisi mwaka 1873, aliandika habari za maisha yake kwa lugha hiyo.

Mwaka 1931 misheni ilikiacha Kimota, ikashika Kiingereza. Mbali na Mota, wazee wakabaki na vitabu ambavyo wana wao hawakufundishwa kuvisoma.