Heri nodi jirani kuliko ghala la ng'ambo

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Bungoma hahitaji kuelezwa kontena ni nini. Kila siku huyaona makontena yakipita kwenye malori kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Malaba.

Wataalamu wa kompyuta waliazima neno hilo kwa maana iyo hiyo: mzigo uliofungwa tayari, usiohitaji kufunguliwa njiani.

Kontena la kompyuta ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Kifurushi chake huitwa taswira. Mtindo huu ulienea baada ya Docker kuzinduliwa mwaka 2013. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa Kubernetes, mfumo unaoziongoza kompyuta nyingi zikafanya kazi kama moja. Kundi hilo ni klasta, na kila kompyuta ndani yake ni nodi.

Tatizo ni kwamba, kwa kawaida, kila nodi hujiagizia taswira yake kutoka ghala la mtandaoni, hata kama nodi iliyo kando yake tayari inayo.

Tuchukue mfano wa maabara mjini Bungoma yenye nodi 10 na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde. Taswira ya gigabaiti moja ikiagizwa mara 10, kazi hiyo itachukua zaidi ya saa mbili. Ikiagizwa mara moja, itachukua dakika 13 hivi, na nodi tisa zilizosalia zitanakiliana kwa dakika chache kupitia nyaya za humo maabarani.

Hasara si muda pekee. Mnamo Novemba 2020, ghala la Docker Hub lilianza kuwawekea mipaka watumiaji wa bure. Taasisi ambayo kompyuta zake zote hutumia anwani moja ya intaneti huweza kuimaliza haki hiyo upesi.

Aidha, mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora kote Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, anayetegemea ghala la ng'ambo hana budi kusubiri.

Suluhisho ni la aina mbili. Kwanza, kuweka ghala dogo ndani ya klasta yenyewe. Pili, kutumia programu kama Spegel, Dragonfly au Kraken, ambazo huziwezesha nodi kupeana taswira moja kwa moja.

Je, mzigo wa jirani unaaminika? Ndiyo. Taswira huundwa kwa matabaka, na kila tabaka lina alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Likichezewa hata kidogo, alama hubadilika na nodi hulikataa.

Hata hivyo, msimamizi ajihadhari. Taswira yenye lebo ya "latest", isipoelekezwa vinginevyo, huifanya Kubernetes iulize ghala kila inapoanzisha kontena. Ghala lisipopatikana, kontena haliwaki ingawa taswira imo ndani. Ni bora kila taswira ipewe lebo ya toleo mahsusi.

Kenya imewahi kujifunza somo hili. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kufunguliwa jijini Nairobi mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti hadi nyingine jijini humo ilizunguka ng'ambo kwanza. Kituo hicho kilifungwa baada ya muda mfupi kutokana na mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena mwaka 2002.

Kilichofaa baina ya kampuni jijini Nairobi chafaa pia baina ya kompyuta 10 za Bungoma: kilicho kwa jirani kisifuatwe ng'ambo.