Mtoto Mwerevu Asiyetulia: Ni Kipawa au ni ADHD?

Leo tunamzungumzia yule mtoto anayemaliza hesabu kabla ya wenzake, kisha anaanza kuwasumbua. Mwalimu amekuita shuleni mara tatu. Jirani anasema ni utovu wa nidhamu. Umesikia neno ADHD, na sasa hupati usingizi.

Mtoto mwenye kipawa anaweza kukosa utulivu kwa sababu tu kazi ni rahisi mno kwake. Mwombe mwalimu ampe ngumu zaidi, mwone kama atatulia. Lakini msiishie hapo. Mtoto mwenye ADHD pia anaweza kukaa saa mbili akiunda gari la waya, kwa kuwa analipenda. Mwangalie basi katika mambo yasiyo na raha: umemtuma maji akaacha mtungi njiani, sweta ya tatu imepotea muhula huu, anavuka barabara bila kutazama magari.

ADHD inatokana na jinsi ubongo unavyokua, na mara nyingi huonekana katika ukoo. Haisababishwi na malezi mabaya wala kurogwa. Hakuna kipimo cha damu cha kuionyesha. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu miezi 6 au zaidi, na zinazoonekana nyumbani na shuleni pia. Ikiwa anasumbua kwa mwalimu mmoja tu, mimi ningeuliza kwanza habari za darasa hilo.

Na kuna mwenye vyote viwili. Huyu ndiye hunitia wasiwasi, kwa sababu akili humbeba katika mitihani ya madarasa ya chini. Kazi ikiongezeka, alama zinaporomoka naye anaitwa mvivu. Wasichana hasa husahaulika, maana wengi hawarukiruki. Wanakaa kimya mawazo yakiwa mbali.

Mpimishe macho na masikio, na uangalie kama analala vya kutosha. Akiduwaa kwa sekunde chache asikusikie ukimwita, mweleze daktari, kwani inaweza kuwa aina ya kifafa.

Anzia Hospitali ya Machakos Level 5, au uulize ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC. Vituo hivi vya serikali vya kutathmini watoto vilianzishwa mwaka wa 1984. KISE, kule Kasarani, Nairobi, pia hutathmini. Beba madaftari yake, ripoti za shule na barua ya mwalimu.

Fimbo haitibu ADHD, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi. Dawa zipo, kwa kawaida kuanzia miaka 6, daktari akiziandika. Usimpe za mtoto wa jirani. Unaposubiri siku ya kuonana na daktari, mtume jambo moja tu kwa wakati, ukimtazama machoni, na akimaliza msifu kabla ya kumpa la pili.