Kusahihisha Kiingereza: Somo Ambalo Watoto wa Madrasa Walilianza Zamani

Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali Musoma, Bunda au Butiama amesoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa mengine. Akiingia kidato cha kwanza, mambo hugeuka ghafla: Baiolojia, Historia, Jiografia na Hisabati vyote husomeshwa kwa Kiingereza. Nyumbani pengine husema Kijita, Kikurya au Kizanaki. Kwa hesabu hiyo Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na kwa aliyesoma Kiarabu madrasa ni ya nne. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kukosea mbele ya wenzao, na kimya hicho huwafuata hadi Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambapo asiyefikia kiwango hutakiwa kurudia kidato.

Wazazi wengi huja kuulizia masomo ya ziada. Kuna zoezi moja ambalo halihitaji ada, nalo ni lile wanalolitumia wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya lugha: kusahihisha makosa katika kifungu cha habari. Mwanafunzi hupewa aya fupi iliyopandikizwa makosa kwa makusudi, akaambiwa ayatafute. Neno jingine limezidi, jingine limepungua, jingine limekosewa umbo. Nchini China, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu ulikuwa kwa miaka mingi na zoezi la namna hii: kifungu kifupi chenye makosa 10, kila kosa likiwa na alama yake ya kusahihishia. Kwetu, faida yake huonekana zaidi katika mashindano ya insha. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC kila moja ina shindano lake la insha kwa wanafunzi wa sekondari, na lile la Jumuiya ya Madola limekuwapo tangu mwaka 1883. Mshiriki huandika, kisha hupata fursa ya kuisoma tena kazi yake kabla ya kuituma. Asiyejua kuona makosa katika maandishi ya mwingine hawezi kuyaona katika yake.

Tuchukue mfano ulioandikwa kwa ajili ya ukurasa huu, wenye makosa tisa. Msomaji anayejua Kiingereza na auweke kidole kabla ya kuendelea:

“My mother is selling fish at Mwigobero since five years. Every morning he wakes up early and play before sunrise. Although she is tired, but she always help me with my homeworks. Yesterday she did not went to the lake because she was sick. We discussed about it and I decided to stay at home. My teacher gave me permission.”

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba karibu kila kosa hapo lina mzazi wake katika Kiswahili. Sisi husema “mama anauza samaki” na “baba anauza samaki” kwa kiambishi kimoja, kwa hiyo mama wa Mwigobero akawa “he”. Sisi husema “ingawa amechoka, lakini hunisaidia”, na Kiswahili hakioni ubaya. Kiingereza hutaka “although” peke yake au “but” peke yake. Sisi hujadiliana “kuhusu” jambo, ilhali kitenzi “discuss” hakihitaji “about” nyuma yake. Anauza “tangu” miaka mitano: Kiingereza husema “has been selling”, kisha “for” badala ya “since”, kwa kuwa kinachotajwa ni muda wenyewe, wala si siku ulipoanzia. Hapo pekee kuna makosa mawili katika sentensi moja. Neno “homework” halina wingi. “Help” lidai herufi “s” mwishoni. Na baada ya “did not” kitenzi hurudi katika umbo lake la asili, “go”.

Limebaki moja, nalo ndilo la kutafakari zaidi. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ataiona “play”, atakumbuka kwamba nafsi ni ya tatu umoja, ataandika “plays” na kuendelea mbele kwa furaha. Kisarufi hana kosa. Lakini mama gani wa Musoma huamka kabla ya jua kuchomoza akacheza? Neno lililokusudiwa ni “prays”: anaswali. Tatizo la “l” na “r” lipo katika ndimi zetu nyingi, na kutoka ulimini huhamia kwenye karatasi. Kosa la namna hii haliwezi kuonwa na anayesoma neno mojamoja. Huonwa na anayejiuliza kila sentensi inasema nini, juu ya nani, saa ngapi. Ndiyo maana naliona zoezi hili kuwa bora kuliko kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Katika nafasi iliyo wazi mwanafunzi huonyeshwa mahali pa kufikiri, ilhali hapa lazima apatafute mwenyewe.

Sentensi ya mwisho haina kosa lolote. Iliwekwa hivyo kwa makusudi, kwani wapo wanafunzi wakishika kalamu nyekundu huona makosa hata yasipokuwapo, na katika mashindano kuharibu lililo sahihi hugharimu alama kama kuliacha lililokosewa. (Wajumbe wa kamati za misikiti wanaosomewa mihtasari ya vikao wanaijua tabia hii.)

Sasa, mtoto wa madrasa si mgeni wa kusahihishwa. Tangu alif na be, amekaa mbele ya ustadhi akisoma kwa sauti, na kila anapoteleza ustadhi humkatisha, naye hurudi nyuma akasoma upya. Katika mashindano ya kuhifadhi Qur’an kengele ya jaji hulia mbele ya umati mzima, mtoto akatulia, akajirekebisha, akaendelea. Hakuna anayemcheka. Na asili ya adabu hii ni tukufu: imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Jibril (a.s.) alikuwa akidurusu Qur’an pamoja na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Wanachuoni wa hadithi nao hawakuiamini nakala mpaka wailinganishe na asili yake, neno kwa neno, wakiandika masahihisho pembezoni.

Husimuliwa pia kwamba Sibawayh, Mfursi aliyekuja kuwa imamu wa sarufi ya Kiarabu, alianza kwa kusoma hadithi mjini Basra kwa Hammad bin Salama. Siku moja alikosea irabu ya neno moja na mwalimu akamrekebisha. Akaapa kutafuta elimu ambayo baada yake hatakosolewa tena katika lugha. Matunda yake ni kile kitabu kinachoitwa kwa ufupi al-Kitab. Kiarabu hakikuwa lugha ya wazazi wake.

Kwa nini basi mtoto yuleyule anayevumilia kengele ya jaji husinyaa Kiingereza chake kikisahihishwa? Kwa maoni yangu, tofauti iko katika namna. Ustadhi humkatisha ili asome sawasawa. Darasani mara nyingi kosa hufuatwa na kicheko cha wenzake, na nyumbani hufuatwa na kaka aliyesoma zaidi anayelirudia kwa dhihaka mezani. Kifungu chenye makosa ya kubuni huondoa aibu hiyo, kwa kuwa makosa si ya mtoto yeyote aliyepo. Hapo hata yule mnyamavu wa kidato cha kwanza huinua mkono.

Wapo wazee wanaochelea kwamba bidii hii katika Kiingereza itawapokonya watoto dini na Kiswahili chao. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa, lakini Butiama yenyewe ina jibu. Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alijifunza Kiingereza hadi akaweza kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969, akiwa bado Rais, alitoa toleo jipya alilolisahihisha, na hata jina likabadilika kutoka Julius Caezar kuwa Juliasi Kaizari. Kiswahili ndicho kilichofaidika.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi. Baada ya Isha, mtoto na asome kifungu kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili kila kosa alilolipata na sababu yake. Akisema tu “mwalimu alisema hivyo”, mwambieni arudi kulitazama tena. Vifungu vyenyewe watoto wanaweza kutungiana: mmoja aandike habari ya mnada wa ng’ombe, mwingine ya daladala ya Bunda, kila mmoja apandikize makosa matano na kuyaficha vizuri. Anayejua kulificha kosa amekwisha kulielewa.